Sweta Lililoepuka Ndoo ya Shangazi

Dada Paulina,

Nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia. Tangu tukuzike ni mwaka na miezi miwili sasa, na kila nikitaka kulia hasira inatangulia. Kwa hiyo leo nisikilize tu, usinikatize kama ulivyozoea.

Walikufua, dada. Sina neno lingine. Siku ya pili baada ya mazishi, wageni wa Mbulu hawajaondoka, shangazi wa mumeo, Baba Neema, alikusanya kila kilichokugusa. Khanga, vitenge, blanketi, kitambaa chako cha kichwa, hata mbeleko aliyokuwa amelalia mwanao asubuhi ileile. Akavitia kwenye ndoo, akamwaga sabuni ya unga na dawa ya madoa. Alisema kifo kina uchafu wake na mtoto wa siku kumi na mbili haachwi ndani yake. Unajua sisi Wairaqw tulivyo na jambo hili, hata sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili. Nilielewa kwamba anaogopa. Lakini alisugua kwa namna ambayo mpaka leo nikimwona sokoni navuka barabara.

Na mimi je? Nilikuwa pale pale nikisuuza. Nilisuuza, nikakamua, nikaanika kwenye ua wa minyaa. Nimekuwa nikiwasimulia watu habari za shangazi tu, hiyo nusu nyingine naiacha.

Jioni ile mwanao Neema alikataa kijiko. Nesi alitufundisha kuchemsha maziwa ya ng'ombe, kuyaongeza maji na kumnywesha taratibu, na tulifanya hivyohivyo. Anageuza kichwa kulia, anageuza kushoto, anatafuta, halafu analia. Shangazi akasema ana jeuri kama mama yake. Siku ya tatu hakulia tena, na utosi wake ulikuwa umebonyea.

Tukaamua kumpeleka hospitali asubuhi. Baridi ya Julai unaijua, na ukungu wa kutoka huko kreta. Nikavaa sweta nililolikuta kwenye kapu langu, lile la kijani la mnadani ulilokuwa ukivaa juu ya lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Ulinipa wodini siku yako ya mwisho nilipokuwa natetemeka. Ukasema, "Kesho ulirudishe, usinivutie mikono." Siku tisa ulikuwa umelala nalo na mtoto kifuani. Lilinuka vitunguu, moshi wa jiko, na maziwa yaliyochacha.

Nilipompakata, Neema alichomeka pua kwapani pangu. Akatulia. Akavuta hewa kama mtu aliyetoka kupanda mlima, akafungua mdomo. Mama yetu akachukua kijiko. Neema alimaliza kikombe kizima pale pale mlangoni, na Baba Neema akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani.

Hospitali tulikwenda hata hivyo. Daktari kijana akatusikiliza, akatabasamu, akatueleza huku anakoroga chai. Kwamba mtoto mchanga anapovuta harufu, mapigo madogo ya umeme huanza katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu, yakaenda kuiamsha sehemu itakayokuja kutunza kumbukumbu. Sehemu hiyo bado changa, haijajua kazi yake, na pua ndiyo inayoizoesha. Macho bado yana ukungu, jina lake mwenyewe halijui, lakini harufu ya mama ameshaishika. Alisema wataalamu bado wanalichunguza jambo hilo, hawajalimaliza.

Dada, nilitaka kumwaga ile chai yake. Jambo kama hilo linajulikana ofisini, halijulikani penye ndoo? Mbona wodini tulipewa cheti cha kifo na karatasi ya chanjo, na hakuna aliyefungua mdomo kusema, msifue nguo za huyu mama?

Tuliporudi shangazi alilitaka sweta. Alilivuta, nikalivuta. Nikamwambia mbele ya wazee kwamba atakayelitia maji atanitia na mimi. Mumeo alikuwepo. Alitazama viatu vyake. Simsamehe kwa viatu vile, ingawa huwa analeta maziwa kila Jumamosi na anambeba mwanao vizuri. Nikamchukua mtoto, tukahamia kwa mama, huko Rhotia.

Miezi minne nilimnywesha nikiwa nimevaa sweta hilo, jua liwake lisiwake. Wanawake kisimani wakaniita Mama Vitunguu. Usiku nililifunga kwenye mfuko wa nailoni ili wewe usiishe ndani yake. Ukaisha tu.

Wiki iliyopita Neema aliamka analia nikiwa shambani. Mama akampa sweta. Akalinusa, akatambaa nalo hadi mlangoni, akakaa anatazama njia ya shambani. Alikuwa ananitafuta mimi. Mama aliponisimulia alifurahi, mimi nikaenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira. Nilipigana na ukoo mzima ili akushike wewe, kumbe kila siku nilipolivaa nilikuwa nakufuta kwa jasho langu. Shangazi alitumia asubuhi moja, mimi nimetumia miezi minne.

Nilimfuata yule daktari nikamuuliza, je, amemsahau? Hakuniongopea. Alisema hatakukumbuka kama sisi tunavyokukumbuka, lakini mahali anaponiweka mimi sasa, wewe ndiye uliyepaamsha. Nimelifikiria neno hilo siku sita. Bado halinitoshi.

Basi pumzika, dada. Kuanzia sasa akiniita mama nitaitika, kwa sababu anahitaji wa kuitika. Lakini nakuahidi atajua jina lako kabla hajajua kusoma, na nitamsimulia habari yote ya ndoo, pamoja na nani alikuwa anasuuza.

Mdogo wako,
Veronika