Kimanga cha Mbololo

Mkamburi mdogo wangu,

Mguu uliovunjika unaendeleaje? Ziara yetu ya rap imefika Voi, na jua la huku linaunguza hata spika. Ukumbi nimetafuta mimi, jenereta mimi, mabango nimebandika mimi mpaka Mwanda. Jana vijana walipomaliza brekidansi, watu wakaanza kuita jina lako! Eti kaseti yako inapigwa kila duka.

Kisha mama mmoja wa Mbololo akaniletea bakuli la kimanga cha mihogo na maharagwe ya kuponda, bado cha moto. Nikanyoosha mkono. Akalivuta: "Hiki ni cha yule msichana anayerap. Wewe si ni wa kubeba nyaya?"

Nikaahidi kukufikishia. Nimekila chote nyuma ya lori.

Pona upesi, kipenzi. Huyo mama akikuuliza, mwambie kilikuwa kitamu sana.

Dada yako,
Wakesho