Mustang, Subaru na Mguu Wangu wa Kulia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kazi mpya, na si ya kawaida. Wakili mmoja wa mjini amekuja mwenyewe hapa gereji, Kabiria, na viatu vyake safi kwenye matope yetu. Anaitwa Kaluki. Miaka hamsini na moja, anakaa Parklands. Anataka kujinunulia gari, na si ya kwenda sokoni! Anasema ameendesha gari ya kubeba watoto miaka ishirini. Watoto wameondoka. Sasa ni zamu yake.

Amebakiza mbili: Mustang ya V8 na Subaru STI ya turbo. Yadi inayouza zote mbili ni ya mteja wake, kwa hivyo tumepewa wiki mbili za kuzijaribu. Mimi nizilinganishe, nimwambie achukue gani.

"Nimesoma sana kwa mtandao," akasema. "Kila mtu ako na timu yake. Mimi natafuta mtu hana timu."

Kisilu, mwenye gereji, akanisukuma mbele. Akamwambia, huyu Joash husikia gari na mguu. Miaka kumi na minane nimemjaribia magari, hajawahi kunisifu mbele ya mteja. Nilijifanya nafuta mikono.

Vidole vya mguu wa kulia vimekufa ganzi tena. Ni hizi buti.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeanza na Subaru. Naivasha Road, halafu Kikuyu, nikarudi na Red Hill. Manyunyu njia nzima.

Mambo ya kumwambia wakili. Injini ikizunguka polepole, gari imelala. Unakanyaga mafuta, unangoja kidogo, turbo inajaa — halafu inakurusha! Nguvu inaenda magurudumu yote manne. Kona ya Red Hill ilikuwa na maji, nikaingia kwa kasi ya kijinga, ikashika barabara kama kupe. Hata ukikosea inakusamehe. Mabaya: springi ni ngumu, na klachi ni nzito. Kwa foleni ya Waiyaki Way itamchosha.

Nimeipenda. Nisimwambie mapema.

Jumatano, 5 Novemba

Mustang. Eish! Ukiiwasha unasikia kifuani kabla ya masikioni. Waosha magari pale Kawangware waliacha kazi wakainua mikono.

Hii haingoji kitu. Hakuna turbo ya kujaa. Injini ni kubwa, basi. Ukifikiria tu, imeshaondoka. Lakini nguvu yote iko kwa magurudumu mawili ya nyuma, na leo barabara ilikuwa na maji. Nikitoka makutano ya Kikuyu, nyuma ikateleza. Nikairudisha. Red Hill ikateleza tena, taa ya kuzuia kuteleza ikawaka na kuzima, nikajikuta naangalia mtaro. Nilikuwa peke yangu, shukuru Mungu.

Na nilikanyaga kidogo tu. Naapa, kidogo tu!

Nimesimama kando, nikazima injini. Uamuzi ni rahisi: haimfai.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempelekea ripoti ofisini kwake mjini, ghorofa ya nne. Nikamwambia Mustang iko na fujo nyuma, itamwangusha siku moja.

"Hata nikienda polepole?"

"Hata polepole, wakili."

Akaniambia yeye alikuwa ameshaipenda, hata alishaichagulia mahali pale parking ya kwao, chini ya ukuta, isipigwe na jua. Halafu akacheka kidogo, akasema sawa, nilikuita kwa sababu hiyo. Jumamosi ya tarehe 15 atataka nimwendeshe katika zote mbili, ajionee tofauti kabla ya kutia sahihi.

Nimeteremka ngazi nikishika ukuta. Sijui kwa nini nimeandika hiyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua kubwa. Kisilu amechukua Mustang kwenda kuangalia tairi, pengine shida ni tairi. Tairi ni nzima. Akapita nayo Red Hill kwa mvua hiyo hiyo. Amerudi anacheka.

"We Joash, hii gari ni maziwa!"

Nikamwambia ni kwa sababu anaendesha kama pasta wa kanisa. Akanikalisha kushoto, tukaenda wote. Hakuenda polepole. Haikuteleza hata mara moja. Nilisikia nyuma ikikaza, ikitulia, ikifuata anachotaka.

Halafu akanipa usukani. Hatujatoka hata langoni, gari ikaruka mbele kama imechomwa sindano. Kisilu hakuangalia barabara. Aliangalia mguu wangu.

"Mbona unakanyaga kama unaua nyoka?"

Nikasema ni buti.

Akasema, "Zitoe basi." Nikasema nina haraka. Haraka ya wapi?

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi nyumbani mapema, jua bado lipo. Mke wangu Ivyne alikuwa mlangoni kwa cherehani yake. Nikavua buti, nikavuka chumba kwenda kunywa maji. Nikasikia ameacha kushona.

"Baba Valarie. Simama hapo."

Kulikuwa na alama nyekundu kwa sakafu. Moja, moja, moja, hadi mahali nilikuwa. Soksi ya kulia ilikuwa imelowa. Akanikalisha, akaivua. Skrubu. Ya urefu wa pingili ya kidole, imeangukia ndani ya buti na kuingia kwa nyama. Sijui imekaa humo tangu asubuhi au tangu jana. Ameing'oa na koleo yangu mwenyewe. Nilikuwa namwangalia usoni nijue kama inauma.

Akaniuliza, dawa za sukari unameza?

Nikasema ndio.

Akaniuliza tena. Hakuinua sauti.

Nikasema hapana. Niliziacha mwaka juzi, nilipoona niko sawa. Kila nilipomwambia nimetoka kuchukua dawa, sikuwa nimetoka kuchukua dawa.

Hakunigombeza. Aliosha kidonda, akakifunga na kitambaa kipya alichokuwa amekatia mteja. Ndipo akaenda nyuma ya nyumba na kulia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeenda kazini na sandali. Sijaenda kliniki. Kisilu ameziona sandali na kitambaa.

Nimekaa na Subaru mchana mzima, bonet wazi, bila kufanya kitu. Nafikiria vizuri sasa. Nikikanyaga kupita kiasi, turbo inachelewa, ile ziada inapotea. Ikifika, inagawanywa kwa magurudumu manne, hakuna anayejua. Mustang inatoa kila nilichoomba, saa hiyo hiyo, nyuma. Na mimi sijui tena naomba kiasi gani.

Mwaka mzima tunatengeneza Subaru tu hapa. Mwaka mzima zinanifichia.

Jumatano, 12 Novemba

Kliniki mjini. Ivyne alitaka twende pamoja, nikamwambia abaki, ana nguo za harusi.

Muuguzi ana uzi mgumu kama wa kuvulia samaki. Anagusa wayo, wewe unasema "ndio" ukisikia. Nikasema ndio, ndio, ndio. Akasimama. Akasema, "Mzee, unaangalia mkono wangu. Funga macho."

Nikafunga. Kimya. Nikangoja aanze. Nasikia watu kwa korido, mtoto anakohoa. Nangoja.

"Nimemaliza," akasema.

Mguu wa kushoto nilisikia mara sita kwa kumi. Wa kulia, hakuna. Daktari ataniona wiki ijayo. Muuguzi akaniuliza kazi, nikasema fundi. Akaniuliza nimekuja na gari? Nikasema hapana.

Subaru ilikuwa nimeiegesha barabara ya pili.

Lazima niandike hii na sitaki. Nikirudi, Naivasha Road, zebra ya Kawangware, pale watu huvukia. Mama amebeba gunia la sukuma wiki kichwani, ameshaingia barabarani. Nikakanyaga breki. Gari haikusimama. Nikakanyaga zaidi. Nikasikia turbo inaanza kupiga mluzi na ndipo nikajua niko kwa mafuta. Nikavuta handbreki kwa nguvu zote. Imesimama nusu mita kutoka kwake.

Akapiga bonet na kiganja. "Kwani umelala?"

Nikamwomba msamaha kwa dirisha. Alikuwa ameshaenda.

Ile sekunde moja ya kungoja turbo. Hakuna kingine kilichomwokoa. Kama ningekuwa na ile ingine —

Alhamisi, 13 Novemba

Sijamwambia Ivyne kuhusu yule mama. Amenipangia dawa kwa sahani, asubuhi na jioni, anasimama hadi nimeze.

Wakili amepiga simu. Amewaambia watu wa yadi wamwandalie karatasi za Subaru. "Umeniokoa, fundi." Mustang imepata mtu mwingine wa kuiangalia, Jumatatu.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza anataka rangi ile ile.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwambia Kisilu. Kila kitu, hata zebra. Alikuwa chini ya gari, akabaki huko. Nilikuwa naongea na viatu vyake. Nikimaliza akauliza kama yule mama aliumia. Nikasema hapana. Akasema, toa funguo zote mfukoni uweke kwa meza. Nikaweka.

Baadaye akaniletea chai. Akasema mikono yangu bado ni mizima, injini hazifunguliwi na miguu. Nikasema lakini anayejua gari barabarani ni mimi. Nani ataniita nikiwa mtu wa spana tu?

Wakili, akasema, ni wako kumwambia. Mimi siwezi kukusemea.

Jumamosi, 15 Novemba

Parklands, parking ya kwa wakili. Saa nne asubuhi, mvua imeacha sasa hivi, lami inang'aa. Kisilu ameleta Subaru. Fundi mwenzetu, Muchiri, alinileta na Mustang. Wamesimama kule langoni na bawabu, wanajifanya wanaongea.

Wakili alishuka na viatu vya raba, amefunga nywele. Akanikuta nimekaa Mustang, kiti cha kushoto.

"Fundi, kwani si wewe unaendesha?"

Nikamwambia leo ni yeye. Aanze na hii.

"Hii? Si ulisema itaniangusha?"

Nikamwambia nitamweleza. Akaniangalia. Akaangalia sandali, na bendeji. Akasema hawezi kuendesha bila miwani, amerudi juu kuichukua. Nina dakika tatu hivi, naandika kwa goti.

Nitasema tairi zilikuwa na upepo mwingi. Atakubali. Wakili atakubali, hajui tairi.

Hapana.

Nitaanza na, gari haikuwa na shida. Halafu atauliza, shida ilikuwa ya nani? Ni kazi yake kuuliza. Baada ya hapo hakuna fundi katika mji huu hatasikia, na wasiponiita tena sitawalaumu.

Lifti imefunguka. Anakuja. Amefungua mlango, ameketi, anasogeza kiti mbele, anatafuta breki kwa mguu. Ameipata. Bado hajawasha. Amegeuka, ananiangalia, anangoja nianze.