Kilichokutoa Ndani ya Seng'enge

Aabo mpendwa,

Tangu utoke katika kijiji hiki cha seng'enge kwenda kuwatafuta ngamia wetu, nimekukasirikia. Serikali ilituleta hapa Garissa ikasema tutakuwa salama na tutagawiwa unga. Ulitaka nini tena?

Juzi mwalimu alitufundisha saikolojia kidogo. Alisema wapo wataalamu wanaoamini kwamba mtu husukumwa kwanza na njaa, kisha hutafuta usalama, kisha wa kumpenda, halafu heshima. Haja ya chini isipotimia, ya juu haimsumbui. Niliandika vizuri, lakini nilikuwa nakuwaza wewe.

Unakumbuka kule malishoni, ndama wa ngamia alipokufa na mama yake akazuia maziwa? Ulimlisha, ukamnywesha, ukamzungushia ua wa miiba. Wapi! Ukaleta ngozi ya ndama, ukamwekea puani huku ukimwimbia. Nilipokucheka ulisema, "Cheka tu, msomi. Haya, nenda wewe umwambie kwamba ameshiba." Alipoinusa, maziwa yakashuka.

Siku uliyoondoka, askari walikuwa wametuhesabu tukiwa tumechuchumaa. Hooyo alikusihi, "Kaa, mume wangu. Hapa unakula." Ukamjibu, "Nakula, ndiyo. Na nahesabiwa kama mbuzi wa mtu." Sikuelewa. Sasa naelewa.

Aabo, nimeitwa sekondari, mbali, ng'ambo ya Mto Tana. Lori linaondoka Jumatatu na pasi yangu ya kupita langoni iko tayari. Lakini kwetu binti haondoki bila ruhusa ya baba, nawe sijui uko wapi. Mjomba anasema, "Nje kuna risasi. Hapa una uji." Ni kweli, uji upo. Usiku nalala nikitazama mabati. Naogopa kubaki, na naogopa urudi usinikute.

Jana nilimuuliza Hooyo. Aliendelea kuchekecha unga. Kisha akasema, "Baba yako nilimshika nguo, akaniachia shuka mkononi. Wewe sikushiki."

Basi nimechukua ruhusa kwake, kwa niaba yako. Naomba uiridhie.

Hapa askari wanamwita shifta, yaani mwasi, kila anayeonekana porini. Kwa hiyo ukirudi, inshallah, njoo mchana, mikono ikionekana, na uwaambie walinzi wa lango kwamba una binti shuleni.

Asiyekukasirikia tena,
Binti yako wa kwanza