Nilimzomea Nahodha, Kumbe Ni Baba Mkwe

Mpendwa Bibi Marta,

Mugonile. Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla ya Pasaka, maana Pasaka ikinikuta hivi nilivyo sijui kama nitakuwa bado na mume. Leo ni siku ya kumi na moja tangu jambo lenyewe litokee.

Mimi ni mzaliwa wa Makwale, nimeolewa hapa Mwaya na Angetile, huu ni mwaka wa tatu, tulifunga ndoa kanisani, na hata hivyo mwiko wa baba mkwe tunaushika kama wenzetu wote. Wewe unaujua, lakini gazeti hili linafika hata Uhehe, basi niwaeleze wa huko: kwetu mke hamwoni baba wa mumewe, hamsemeshi, hatamki jina lake, wakikaribiana njiani mwanamke anaingia migombani na kugeuka mpaka mzee apite, na mzee naye anageuka, ndiyo maana Angetile alijenga huku Mwaya, mbali na baba yake aliyeko Lyulilo, ili mimi nitembee kwa raha. Kwa hiyo sura ya baba mkwe wangu sikuwahi kuiona hata mara moja. Nilichoambiwa ni kwamba anashinda ziwani, nikadhani mvuvi, sikuuliza zaidi kwa sababu mambo hayo hayaulizwi.

Sasa Bibi, mimi nina ugonjwa wa mashindano ya mitumbwi, nakiri mapema. Kila sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wadachi wakubwa wa boma wanaweka mashindano kutoka Lyulilo mpaka hapa Mwaya, mitumbwi kumi na miwili au kumi na mitano, na huu ni mwaka wa nne hakuna anayeambulia kitu ila mitumbwi miwili ya Mzee Eliud, yule mzee wa kanisa anayesafirisha vyungu vya Wakisi. Watu wake wanapiga makasia mwaka mzima mtumbwi umejaa vyungu, ukiyumba kidogo tu vimepasuka, basi wamezoea kwenda bila kuyumba, na siku ya mashindano vyungu vikiondolewa hakuna wa kuwashika. Wengine wote wanagombea nafasi ya tatu na kunung'unika kwamba ni dawa.

Lakini ugomvi mkubwa si kati ya Eliud na wengine, ni kati ya manahodha wake wawili. Mmoja ni kijana, Tuntufye, sisi tunamwita Sindano. Mwingine ni mzee mwenye mabega mapana, nilikuwa nikimwona kwa mbali tu, watu wote wanamwita Kiboko, na jina jingine mimi sikupata kulisikia. Watu wa Kiboko wanasema Sindano ana mbio za kitoto, akifika mdomo wa mto Lufilyo anahema. Sisi wa Sindano tunasema Kiboko anashinda kwa sababu Eliud anampa wapiga makasia walioshiba na kumwachia mwenzake vijana wenye njaa. Hata kanisani tumegawanyika mabenchi, na kuna jirani yangu alininyima moto asubuhi moja kwa ajili hiyo tu. Mimi ndiye niliyetunga ule wimbo, "Kiboko kalala, mpisheni Sindano," unaimbwa ufukwe mzima. Nyumbani nikimtaja Kiboko, Angetile alikuwa anainama na kuchokonoa moto, wifi yangu Atuganile anatoka nje, nami nikafikiri wote wawili ni wa Kiboko na wanaona haya kusema.

Siku ya mashindano, Sindano alitangulia tangu Lufilyo, tuliona wazi, urefu wa mitumbwi miwili, na mimi nimeshaishiwa sauti kwa kuimba, mara Mzee Eliud aliyekaa karibu na wakubwa wa boma akasimama akapiga pembe, mara tatu, ishara yake kwa mtumbwi wa mbele usimame. Mwe! Sindano akainua kasia juu. Alisimamisha mtumbwi, Bibi, katikati ya ushindi wake mwenyewe, na Kiboko akapita. Ufukwe mzima ulipiga kelele, wengine wakisema Eliud ameshawaahidi wakubwa kwamba mzee ndiye atakayepokea zawadi, wengine wakisema mtumbwi ni wake na ana haki ya kuamua, mimi sikusikiliza, nilikuwa nimeshaingia majini mpaka kiunoni.

Sheria ni kwamba nahodha mwenyewe ashuke, apande ufukweni, aikamate bendera iliyochomekwa mchangani. Mtumbwi kufika si kushinda. Basi nikaenda nikashika pua ya mtumbwi wa Kiboko, nikamtazama usoni, macho kwa macho, nikamrushia maji, nikasema, "Mwizi wee! Mzee mzima unabebwa na pembe! Huoni haya? Toka umwachie mwenye mikono!"

Alitupa kasia, akavuta kitambaa chake akajifunika uso, akanipa mgongo, akaruka majini upande wa pili na kuogelea mpaka kwenye matete. Bendera ilikuwa hatua sita tu kutoka pale, na mimi nilikuwa nimesimama katikati. Watu walicheka mpaka wakalala mchangani. Sindano akashuka taratibu, akaishika bendera, na mimi nikacheza ngoma kama niliyeshinda mwenyewe.

Ndipo Atuganile akaja akanishika mkono, midomo imemkauka. Akasema, "Naomi, umefanya nini? Yule ni baba."

"Baba wa nani?"

"Baba yetu. Baba mkwe wako."

Nilikaa chini palepale majini. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile sura, ndevu zenye mvi zinachuruzika maji niliyorusha mimi, na nikifumbua naona aibu. Angetile hakunipiga wala hakunitukana, afadhali angenitukana, alichukua blanketi akasema, "Naenda kwa baba," na hajarudi. Shangazi yake amekuja kuniambia kwamba nikikanyaga tena mbele ya mzee, hata hatua moja, nifunge mizigo yangu nirudi Makwale. Kwa upande mwingine bwana wa misheni ametuma niambiwe kwamba mwiko huo ni giza, na siku ya Pasaka nisimame mbele ya kanisa nimpe mzee mkono na kumwomba radhi ili watu wote waone uhuru wa Injili, nisipofanya nisikaribie meza ya Bwana. Nikienda nimefukuzwa, nisipoenda nimefukuzwa.

Nisaidie, Bibi. Mtu anamwombaje msamaha mtu asiyeruhusiwa kumwona wala kumsemesha? Na sitakuficha neno la mwisho, ingawa najua utaniona sina akili: bado naamini Sindano alikuwa na mbio zaidi.

Ni mimi mwenye kuangamia,
Naomi, Mwaya

—

Naomi mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nimesimama. Miaka yote ninayojibu barua za watu nimeletewa wezi, walevi na wanaume wenye wake wa siri, lakini mwanamke aliyemrushia maji baba mkwe wake mbele ya Wadachi na askari wao, huyo ni wewe wa kwanza.

Tuanze na kosa lako, maana unalilia kosa ambalo silo. Kwamba hukumjua, hilo si lako. Wewe ulikatazwa kumtazama, ungemjuaje? Lakini hata angekuwa mzee wa watu baki, nani alikutuma uingie majini kumwita mtu mwenye mvi mwizi? Pembe aliipiga Eliud. Eliud alikuwa amekaa kwenye kiti, mkavu, na hukumwendea. Ulimwendea aliyekuwa karibu na aliyechoka. Mashabiki mko hivyo, mnampenda mmoja mpaka mnaona ni lazima mumchukie mwenzake, na hao wawili wanabeba vyungu pamoja mwaka mzima na kula ugali sahani moja. Wimbo wako uache leo. Wanawake wakikuomba uuimbe, waambie umeusahau.

Habari ya Pasaka. Hutakwenda kumpa mkono. Mzee aliruka majini nguo zikiwa mwilini ili asikukaribie, nawe umfuate mpaka madhabahuni? Mwendee bwana wa misheni wewe mwenyewe, usitume mtu, umwambie hivi kwa adabu: "Kumheshimu baba na mama ni amri, na kwetu baba mkwe anaheshimiwa kwa kuepwa." Atakunja uso. Mwache akunje, atakunjua. Akikuzuia meza ya Bwana mwezi mmoja, vumilia, mtu hafi kwa hilo. Na shangazi yule anayekutisha kwa mizigo, mpelekee ndizi, umsikilize mpaka amalize, usijitetee hata kwa neno moja.

Sasa kuhusu mumeo. Mwanaume anayetaka kukuacha hachukui blanketi lake, hutuma watu wachukue vyako. Hilo ungeliona mwenyewe kama usingekuwa na hofu.

Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo na kutia sahihi, Naomi, ilipofika barua nyingine kutoka Lyulilo. Imeandikwa na mwalimu wa shule ya huko kwa niaba ya mtu asiyejua kusoma. Ameniruhusu niichape, ila jina lake sitalitaja, nawe unajua kwa nini. Anasema hivi:

"Bibi Marta, mimi ni nahodha, nina mkwe ambaye siwezi kumsemesha, na nina maneno ya kumwambia. Huu ni mwaka wa tatu namsikia. Tukikaribia Mwaya watu wote wanapiga kelele na hazieleweki, lakini sauti yake inafika majini. Nilimwuliza binti yangu, yule anayenitukana vizuri vile ni nani, akaniambia. Nilicheka. Nikawakataza yeye na kaka yake wasimwambie, kwa sababu akijua hatakuja tena ufukweni, na mimi akinisema vibaya ndipo mikono inapata nguvu. Kwa hiyo kosa ni langu, mwanangu alikuwa ananitii.

"Siku ile aliponishika mtumbwi sikukasirika. Niliogopa. Nilifikiri, nikishuka nitapita karibu yake, na kesho watasema mke wa Angetile amegusana na mkwewe, nao watamrudisha kwao. Bendera ipo kila mwaka. Nikaruka. Tena pembe ile sikuipenda, na Eliud nimemwambia. Tuntufye alikuwa ameshanishinda tangu Lufilyo.

"Mwanangu yuko hapa ananisaidia kuziba mtumbwi, kila siku anasema anarudi kesho kwa sababu hajui atamwambia nini mkewe. Nimemwambia aende tu. Wewe Bibi niambie, nitamfikishiaje mkwe wangu habari kwamba sina neno naye?"

Ndiyo hivyo, Naomi. Watu elfu moja walicheka wakidhani wamemwona mzee aliyeshindwa, nawe ukacheza. Mwenye kushinda mara tatu aliona hatua sita za kufika kwenye bendera, akaona na ndoa yako, akachagua.

Basi nisikilizeni wote wawili. Angetile akiingia nyumbani, kama hajaingia bado, mpe maji ya kunawa na chakula, wala usimwulize ni kwa nini alikaa siku zote hizo. Mwaka ujao nenda ufukweni kama kawaida. Mitumbwi ikikaribia, wewe lipe ziwa mgongo, Atuganile asimame mbele yako akusimulie yanayotokea, na upige kelele kwa nguvu zako zote. Mshangilie Sindano kama unampenda, hakuna aliyekukataza. Mzee akipata nguvu kwa kukusikia, hiyo ni shauri yake na mikono yake.

Umeniuliza mtu anamwombaje msamaha mtu asiyeruhusiwa kumwona. Barua yako nimeichapa yote, sikupunguza neno, na gazeti hili likifika Lyulilo mwalimu ataketi na mzee wako na kumsomea kuanzia "Mugonile" mpaka jina lako. Yake umeshaisoma. Mmekwisha kusameheana, mwanangu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Bibi Marta