Kanuni za Wanaoruka

Ngulyati, Bariadi
14 Juni, 2001

Kwako kaka yangu Mayige,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, umekula na umelala. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi huamka kabla yake. Pamba tumevuna nusu. Asubuhi moshi wa majiko unalala juu ya shamba, na pamba iliyopasuka inaonekana kuelea bila miti yake. Mimi husimama kuitazama mpaka mama aniulize kama nimeajiriwa kutazama.

Barua yako aliileta jirani yetu Generoza alipotoka mjini. Unasema umewafinyangia watoto wa mwenye nyumba wako sanamu ndogo za udongo kama zile za mchezo wetu wa utotoni, mkachora vijiji mezani, lakini kanuni za wanaoruka zimekutoka na watoto wanagombana kila jioni. Nilicheka peke yangu. Wewe ndiye uliyekuwa hakimu wetu!

Basi waambie hivi. Wanaotembea, watu na ng'ombe, wanapimiwa shubiri moja kila zamu, na ni lazima wazunguke nyumba na mto. Wanaoruka wanapimiwa uzi wa pamba, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, nao wanapita juu ya chochote. Hakuna kutua juu ya mwenzako. Akiruka zamu mbili mfululizo, ya tatu anakaa chini apumzike. Akitua katika boma la kwao, hakuna wa kumtoa. Ni hivyo hivyo kwa ndege wetu korongo na kwa yule binti wa ungo tuliyemkalisha juu ya kizibo cha soda. Unakumbuka mama alivyosema kwamba katika nyumba yake ya Kikatoliki hakuna atakayeruka kwa ungo, nawe ukamjibu kuwa binti alikuwa anapepeta mtama tu, kimbunga kikamchukua? Mama alicheka hadi akakaa chini, akamruhusu.

Juzi nilipita ghala la chama cha msingi cha ushirika. Meza ya kuchambulia pamba, tuliyochorea vijiji vyetu, bado ipo pale pale tulipoikuta mwaka ule wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao na ghala likaachiwa popo. Jua bado linaingia kwa matundu ya misumari kwenye bati. Nilikuwa nimesahau kwamba vijiji vyetu vilikuwa na nyota mchana. Nilikaa hapo muda mrefu, nikaona mistari ya mto wetu bado haijafutika.

Ni mwaka huo huo mjomba Anatoli alipotuma habari kutoka Mwanza kwamba ana nafasi ya mtoto mmoja tu, amsaidie dukani mchana na asome jioni. Mama alisema hawezi kuchagua, tuamue wenyewe. Tukaamua mezani. Atakayemfikisha korongo wake kwanza mlimani, lile bonge la kichuguu, ndiye atakayepanda basi. Wangu alikuwa amebakiza uzi mmoja. Ukasema ameruka mara mbili, akae. Nikamkalisha, na zamu iliyofuata wako akafika.

Sasa chini kabisa ya barua yako, kwa herufi ndogo, umeandika kwamba ulijua korongo wangu alikuwa ameruka mara moja tu. Kwamba uliniibia Mwanza, na hata Dar es Salaam iliyofuata, na ndiyo maana miaka sita hujaja nyumbani, kwa sababu hujui utatutazama vipi. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, kaka, na nimeona haya.

Mimi pia nilihesabu. Nilijua ni mara moja. Nilikuwa nimeshika uzi, nikauachia. Sikukuonea huruma, usinipe sifa hiyo. Niliogopa kuondoka, na zaidi ya hapo nilitaka mama awe wangu peke yangu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimchekesha. Kisha ulipoacha kuja, nilihisi sababu yake. Mama aliponiuliza kama kuna neno kati yetu, nilimwambia Dar es Salaam ni mbali. Nimekuacha uteseke miaka sita kwa kosa ambalo tulilifanya wote wawili, nami nakuomba unisamehe.

Jana nilimweleza mama yote. Aliendelea kuchambua pamba, halafu akasema amezaa waongo wawili, na kwamba anataka kumwona yule wa kwanza wakati goti bado linaweza kumfikisha stendi.

Uliruka Mwanza, ukaruka Dar es Salaam. Safari hii tuhesabu vizuri. Korongo wako nilimkuta bado juu ya kichuguu, amevunjika bawa moja. Nimembandika kwa udongo mbichi, nikamweka bomani.

Mama anakusalimu sana, na Generoza pia. Nisalimie watoto wa mwenye nyumba, uwaambie wasigombane tena, kanuni nimeithibitisha mimi: akiruka mara mbili, anatua.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanjige