Eti Kibaiolojia

Shoga, pokea simu basi! Haya, nakuandikia huku nalia, nimejifungia chooni karibu na maabara.

Nimepewa sifuri. Sifuri, jamani! Ule mtihani wa vitendo wa baiolojia niliokosa siku tuliyomzika mama.

Nimemfuata mwalimu. Akasema anayeruhusiwa kurudia mwaka huu ni aliyefiwa na mzazi tu. Nikamwambia ndiyo hivyo, nimefiwa na mama. Akachungulia kompyuta yake: "Mbona hapa mama yako yuko hai?"

Nikamweleza kwamba aliyefariki ni mama mdogo, ndiye aliyenilea tangu sijaota meno, na huyo mwingine kunizaa alinizaa, basi.

Si akavua miwani! Tena kwa upole kabisa: "Binti, kibaiolojia, huyo alikuwa mama yako?"

Kibaiolojia! Mama aliyetusuka mimi na wewe kwenye kibaraza kimoja! Aliyekuchapa hata wewe, ukaenda kumshtaki kwenu, ukaongezwa! Leo anapimwa kwa hadubini kama kitunguu.

Nyuma yangu foleni ya wanafunzi, wote masikio wazi. Moyo unaniambia sema ndiyo. Sema ndiyo, mjinga wewe, atakuumbua nani?

Nikasema, "Hapana."

Yaani nimetamka kwa kinywa changu. "Hapana, mwalimu." Akanipa pole, akaita anayefuata.

Mtihani nitaurudia mwakani, hilo halinilizi. Lakini shoga, nimemkana mama mbele za watu, na udongo wa kaburi lake haujakauka.