Goti Langu Zima na Ngazi za Bibi wa Watu

Shikamoo Mzee mshauri. Nakusoma gazetini kila wiki kwenye simu tangu nije huku ng'ambo kusoma, na sikudhani ipo siku na mimi nitakuandikia, lakini maji yamenifika shingoni na katika nyumba hii sina wa kumwambia, kwa sababu watu ninaoishi nao ndio hao hao ninaowaficha.

Chuo kilinipangia kukaa na familia ya watu watatu: baba ni seremala, mama ni muuguzi, na yupo mama mzazi wa baba, ambaye sote tunamwita bibi. Ni watu wema kupita kiasi, na shida yangu ilianzia kwenye wema huo, maana wana mazoea yao kwamba kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi baba na mama wanavaa viatu vizito na kutembea kilomita tisa, mvua inyeshe isinyeshe, wala hawaendi popote, wanazunguka tu na kurudi walikotoka, na Jumapili yangu ya kwanza baba akanigongea mlango akasema, "Kijana, viatu!" na mimi nilivyolelewa mtu mzima haambiwi "sitaki", anapewa udhuru, basi nikasema goti linanisumbua. Kwetu ukisema hivyo unaambiwa pole na mambo yanaishia hapo. Hawa waliniambia pole, kisha mama akaja na kalamu na karatasi akaniuliza linauma upande gani, limeanza lini, na maumivu nayapa ngapi kwa kumi. Nikasema saba, kwa heshima.

Siku ile ile nikapewa barafu ya kukandia. Wiki iliyofuata baba akanichongea mkongojo, kazi nzuri kabisa, ameupiga msasa mpaka unateleza mkononi, na ningewezaje kuukataa mkongojo wa mtu aliyeacha meza ya mteja ili auchonge? Halafu wakakaa kikao, wakaona kwamba chumba changu kiko juu na ngazi ni kumi na nne, na bibi ana chumba chini karibu na bafu, na bibi mwenyewe akasema, "Mtoto wa watu asije akaumia kwetu. Tubadilishane." Nilikataa mara tatu, Mzee, naapa nilikataa, lakini walidhani ni adabu.

Sasa ni miezi mitatu. Ndani ya nyumba nachechemea, nikifika kona ya barabara nauficha mkongojo nyuma ya ua wa jirani na kwenda zangu chuoni, ambako nacheza mpira, namba yangu ni winga. Bibi ndiye mwenye magoti mabovu ya kweli, kupanda anapanda ameshika ukuta, na kushuka anashuka kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine kama mtoto. Na ndiye pekee anayeniuliza kila asubuhi, "Leo ni mguu upi, mjukuu wangu?" Nadhani uzee umeanza kumsahaulisha, ingawa zipo siku hata mimi nasahau.

Alhamisi iliyopita tulikuwa wawili tu nyumbani, nikasikia kishindo, kumbe bibi ameteleza, nikatoka chumbani mbio, nikaruka ngazi mbili mbili mpaka alipokuwa, nikamwinua. Akanitazama, akasema, "Taratibu mwanangu, utajiumiza goti." Kisha akanionya nisimwambie mtu kuwa ameanguka, na mama alipoulizia kidonda alichopata kwenye kiwiko akajibu kwamba amejigonga kwenye kabati. Sijui alimaanisha nini.

Na sasa mama amenitafutia miadi kwa daktari wa mifupa Jumanne ijayo, kupigwa picha na kila kitu, foleni ambayo watu huisubiri nusu mwaka. Mzee, nishauri: goti huchukua siku ngapi kupona bila watu kushtuka? Nipone kidogo kidogo, au nipone asubuhi moja kama muujiza? Nawapenda hawa watu, na wakijua watanifukuza.

Wako,
Mwenye Goti, Ugenini

* * *

Kijana Mwenye Goti,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta nukta, mara ya pili nikitafuta aibu. Zote mbili umezitumia kwa uchache.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe walikupa mkongojo, barafu na chumba karibu na bafu. Katika ukurasa huu nimeandikiwa na waliodanganya kwa njaa, kwa mapenzi na kwa woga. Hajatokea kabla yako aliyedanganya ili asitembee, kisha akaenda kucheza winga.

Nakuhurumia kidogo, na uipokee huruma hii upesi kabla sijabadili mawazo. Ulilelewa usimkatalie mtu mzima usoni, na malezi hayo si mabaya. Lakini udhuru humfaa anayejua kuwa ni udhuru. Wenyeji wako walisikia goti, wakaamini goti. Kosa hilo ungelirekebisha Jumapili ile ile wakacheka. Hata Jumatatu lilikuwa bado dogo. Siku bibi alipobeba mto wake kwenda juu, liliacha kuwa adabu likawa wizi.

Unasema ulikataa mara tatu. Kwa maneno gani? Yaliyohitajika yalikuwa matatu tu: "Goti langu zima." Hayo hukuyasema hata mara moja.

Eti uzee unamsahaulisha! Bibi huyo hasahau kitu. Anayeuliza kila asubuhi ni mguu upi amekwisha kuona kwamba miguu yako inapokezana zamu. Nawe bado hujui alimaanisha nini siku ile kwenye ngazi. Alimaanisha kuwa alikuona ukiruka. Akaficha kuanguka kwake na mbio zako kwa pamoja, kiwiko kikimwuma, ili upate nafasi ya kusema mwenyewe. Nafasi hiyo umeitumia kuniandikia mimi.

Unaogopa watakufukuza. Huenda. Mimi ningekufukuza. Lakini lipo la kuogopa zaidi, nalo hukuliuliza popote katika barua ndefu kama hii: mwanamke mzee mwenye magoti mabovu na ngazi kumi na nne. Safari hii ni kiwiko. Safari ijayo itakuwa nyonga, na wewe utakuwa uwanjani unapiga krosi.

Umeuliza goti huchukua siku ngapi. Lako halichukui hata moja. Utapona leo, kabla ya chakula cha jioni. Hutasema limepata nafuu, wala hutasema ni muujiza. Utasimama mbele ya wote watatu, useme: "Goti langu halijawahi kuuma. Nilidanganya kwa kuwa sikutaka kutembea, kisha nikaona haya kusema kweli." Baada ya hapo nyamaza. Usilie, maana muuguzi akiona machozi atakuletea barafu tena. Mwombe afute miadi mara moja, nafasi hiyo apewe mgonjwa. Mkongojo mrudishie seremala mkononi mwake, umtazame usoni unapomrudishia. Wakikuamuru uhame, hama na ushukuru. Wakikubakiza, Jumapili utakuwa umesimama mlangoni na viatu miguuni kabla baba hajamaliza chai.

Hayo yote yatatanguliwa na jambo moja. Kabla hujafungua mdomo, panda juu. Chukua vitu vya bibi, mto, dawa, miwani, mablanketi, na kitanda chenyewe ikiwa alihama nacho, uvishushe hadi chumbani kwake kwa mikono yako mwenyewe, wote wakikutazama unavyoshuka. Vyako vitasubiri sakafuni. Ukishamaliza kukiri, mkalishe bibi pake, nawe ukae chini umsikilize atakachosema, hata kikichukua jioni nzima. Ana haki ya kusema kwa kirefu. Amepanda ngazi zako miezi mitatu, wala hakuandikia gazeti.